Tairi Liwe na Jina: Chipu za RFID kwa Mwenye Malori wa Sakania

Kabla ya kununua chochote, hesabu. Kichwa cha lori chenye ekseli tatu kina matairi kumi: mawili ya usukani mbele, manane yanayovuta nyuma. Tela la ekseli tatu zenye matairi pacha lina kumi na mawili. Ongeza spea mbili, unapata 24. Mwenye malori kumi ana matairi 240 barabarani, bila kugusa yaliyolala stoo na yale yanayosubiri kwa kwado, fundi wa matairi. Sasa jiulize juu ya tairi moja tu, lile la ekseli ya pili, kushoto, la ndani, kwenye lori lako la tatu. Ulilinunua lini? Limetembea kilomita ngapi? Je, ndilo lile lile lililotoka getini mwezi uliopita?

Swali la tatu ndilo linalowashinda wengi, na hapa Sakania ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote. Mji huu ni wa kupita tangu zamani. Reli kutoka Ndola ilifika hapa mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Siku hizi shaba na kobalti ya Katanga inavuka kwa lori kwa wingi, Kasumbalesa, Mokambo na hapa kwetu, ikielekea Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kutoka Lubumbashi, au Durban, zaidi ya kilomita 2,500. Lori likisimama kwenye foleni ya mpaka usiku mmoja, mbili, tatu, tairi jipya hushuka na kuukuu hupanda. Kwa macho, asubuhi lori bado lina matairi 22, na yote ni meusi na ya duara.

Nimewahi kukaa mezani siku dereva alipokatwa mshahara wa miezi miwili kwa matairi mawili ya namna hiyo. Yeye aliapa hakuyabadilisha. Mwenye mali aliapa kwamba aliyabadilisha. Daftari la gereji lilisema maneno matatu tu: matairi 22, mazuri. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na panapokosekana ushahidi pande zote mbili anaumia aliye chini. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye lori, maana ndiye atakayelipa, lakini namwandikia nikiwa na dereva yule moyoni. Tairi likiwa na jina, dereva naye ana pa kujitetea.

Chipu ni nini, na si nini

RFID ni kitambulisho kinachosomwa kwa mawimbi ya redio. Chipu inayofaa tairi haina betri. Ni kidude kidogo chenye antena ya waya mwembamba, mara nyingi uliojisokota kama springi ili uvumilie kukunjwa na kunyooshwa na mpira. Inalala kimya mpaka kisomaji kiitupie mawimbi. Nguvu ya mawimbi hayo hayo ndiyo inayoiamsha ikajibu kwa namba yake. Inatoa namba tu. Haijui iko wapi, haijui upepo umepungua, haimpigii mtu simu. Mwuzaji akikwambia chipu hii itakuonyesha kwenye ramani kwamba lori limefika Tunduma, anakuuzia GPS kwa jina la kitu kingine. Akikwambia itapima upepo, anazungumzia kihisio chenye betri, ambacho ni kifaa tofauti na bei tofauti.

Chipu za tairi hutumia masafa ya UHF, kati ya megahezi 860 na 960. Ulaya husomea kwenye 865 hadi 868, Marekani kwenye 902 hadi 928. Chipu yenyewe huitika kote. Kisomaji ndicho kilichofungiwa eneo. Hapa angalia sana, kwa sababu visomaji vya bei rahisi vilivyopangwa kwa soko la Marekani hupatikana kirahisi, na sehemu ya masafa yao inaingiliana na masafa ya simu za GSM 900 zinazotumika kwetu. Omba kisomaji cha 865 hadi 868, na mtake mwuzaji akuonyeshe kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya Congo, na cha Zambia pia kama utakivusha. Kwa chipu, uliza kama imetengenezwa kwa kufuata ISO 20909, kiwango cha mwaka 2019 kinachohusu chipu za matairi. Mwenzake, ISO 20910, hueleza namna ya kuandika namba ndani yake. Mwuzaji asiyezijua namba hizo mbili huenda anauza lebo za maboksi, na lebo ya boksi haiwezi kuishi ndani ya tairi.

Kisomaji kikishafika, usikimbilie kununua viraka vyenye chipu. Kipitishe kwanza kwenye matairi uliyo nayo. Watengenezaji kadhaa, Michelin akiwa mmoja wao, huweka chipu ndani ya mpira kiwandani, na unaweza kukuta baadhi ya matairi yako yana namba tayari, imekaa bure miaka yote hiyo. Namba hiyo ya kiwandani iache kama ilivyo. Isajili tu.

Kuweka kiraka

Tairi lisilo na chipu ya kiwandani hupewa kiraka chenye chipu, kinachobandikwa ndani ya tairi. Kazi hii inahitaji kwado mwenye subira, na hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiraka hukaa kwenye ukuta wa tairi kwa ndani. Kisikae chini ya kashata. Mara yangu ya kwanza nilimruhusu fundi abandike chini ya kashata kwa sababu mkono ulifika kirahisi. Tairi likiwa chini sakafuni, kisomaji kikiwa ndani yake, kila chipu iliitika vizuri. Tulipofunga kwenye rimu na kujaza upepo, kimya. Mikanda ya waya iliyo chini ya kashata ilikuwa imefunika kila kitu, nasi tukafungua lori zima upya. Ukutani nako kuna waya, maana matairi ya radial ya malori yamefumwa kwa chuma kutoka mdomo hadi mdomo, lakini ni safu moja, na antena ikilala kufuata mzunguko wa tairi, yaani kukatiza zile waya, mawimbi hupita. Ikilala sambamba na waya, hupotea. Shuka karibu na mdomo kuliko katikati ya ukuta, maana katikati ndipo tairi hujikunja zaidi kila linapozunguka. Ila usishuke hadi chuma cha rimu kikaja kuificha. Mtengenezaji wa kiraka huandika kipimo chake, nawe kifuate hicho badala ya jicho la fundi.

Mpira wa ndani huwa na mafuta ya kiwandani yanayokataa gundi. Usafishe kwa kiosha-mpira, ukwangue taratibu mpaka uso uwe mkavu kama karatasi ya msasa laini, bila kufikia waya. Waya ukionekana, tairi hilo umelijeruhi. Paka solusheni, subiri ikauke hadi ishike kidole bila kulowesha, bandika kiraka kuanzia katikati kwenda pembeni na ukikandamize kwa rola ndogo mpaka hewa yote itoke chini yake. Msimu wa kiangazi vumbi jekundu la Sakania huingia kila mahali. Fanyia kazi hii chumbani, mlango umefungwa, na ufute mikono. Punje za vumbi chini ya kiraka zitakifungua baada ya safari chache, kisha kitakuwa kinazunguka ndani ya tairi kama kokoto.

Kwa matairi yanayotumia tyubu, kama 12.00R20 ambayo bado yapo njiani, chagua kiraka chembamba chenye kingo zilizochongwa zikaisha taratibu, la sivyo kitaitafuna tyubu. Tairi unalopanga kulipeleka kuvalishwa kashata upya lipewe chipu inayovumilia joto la kazi hiyo. Kashata zilizotayarishwa huunganishwa kwa joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa, na wanaopika tairi kwa kalibu hupanda hadi karibu 150. Waulize watu wa karakana ya ritredi wanatumia njia gani kabla hujanunua.

Soma chipu mara tatu: kabla ya kubandika, baada ya kubandika, na baada ya kufunga rimu na kujaza upepo. Isiyoitika mara ya tatu ifunguliwe siku hiyo hiyo, lori likiwa bado gereji.

Majina na nafasi

Chipu ina sehemu mbili za namba. Moja imechomwa kiwandani na haibadiliki maisha yake yote. Nyingine unaiandika wewe. Iandike fupi, inayosomeka na binadamu, kisha uifunge kwa nywila ili mwingine asiiandike upya. Kwenye daftari weka zote mbili, pamoja na chapa ya tairi, saizi, namba nzima ya DOT iliyo ukutani ambayo tarakimu zake nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa (2423 ni wiki ya 24 ya 2023), na picha. Namba ya pili inaweza kunakiliwa na mjanja. Ya kwanza ni ngumu zaidi, na picha inamshinda kabisa.

Halafu piga namba ile ile fupi kwa chapa ya moto kwenye ukuta wa nje, juujuu tu bila kuzama. Utaniuliza chipu ni ya nini basi. Chapa ya nje husomwa na kila mtu: dereva, polisi, mnunuzi wa matairi ya wizi anayeogopa. Lakini huchakaa, huzibwa na matope, hufutwa kwa tupa. Chipu ni shahidi wa ndani, na chapa ndiyo inayomwambia mwizi kwamba shahidi yupo.

Majina ya nafasi yana mtego wa mpakani. Congo tunaendesha upande wa kulia, Zambia wanaendesha kushoto, na kwenye njia hii malori yenye usukani wa kulia na ya kushoto yanachanganyika. Ukiandika "upande wa dereva" au "upande wa barabara", utapata daftari linalojipinga. Kushoto na kulia kuwe ni kwa mtu aliyesimama nyuma ya lori akitazama mbele, siku zote, kwa kila lori. Kisha nambari ya ekseli kuanzia mbele, na herufi ya nje au ndani: 2KN ni ekseli ya pili, kushoto, ya ndani; kulia ni L, na nje ni J. Tundika mchoro wa majina hayo ukutani gereji na kwenye mlango wa kila lori.

Tairi za ndani za pacha ni ngumu kusoma ukiwa umesimama nje. Sisi tuliweka kanuni kwamba tairi la nje lifungwe upande wenye chipu ukitazama nje, na la ndani upande wenye chipu ukitazama chesisi. La ndani husomwa kutoka chini ya lori, kwa kisomaji chenye mkono mrefu. Ni jasho zaidi, lakini huchanganyi mapacha. Punguza pia nguvu ya kisomaji. Wauzaji hujivunia umbali. Kwako umbali ni adui, kwa sababu kisomaji chenye nguvu kitaokota tairi la jirani na kuliandika mahali pasipo pake. Kinachosoma ndani ya nusu mita kinatosha.

Geti, foleni, kurudi

Faida yote iko katika mahali na wakati wa kusoma. Lori la kwanza kusomwa liwe lile linalotoka. Injini ikiwa imezimwa, matairi yakiwa ya baridi, mtu mmoja anasoma chipu zote 24, mwingine anapima upepo kwa geji na kina cha kashata kwa kipimo. Mkono ukizoea, chipu peke yake ni dakika kumi hadi kumi na tano. Dereva awepo. Aone kila namba inavyoingia, kisha asaini na abaki na nakala yake, kwa lugha anayoisoma. Njia hii ina madereva Wakongomani, Watanzania, Wazambia, Wazimbabwe. Karatasi ya Kifaransa mkononi mwa kijana wa Mbeya haimlindi. Kiswahili na Kiingereza viwe kwenye karatasi moja na Kifaransa.

Likirudi, linasomwa tena kabla dereva hajaenda nyumbani kwake na mbele ya macho yake. Namba iliyopungua inaandikwa saa hiyo hiyo. Usikubali desturi ya kusoma kesho yake, kwa sababu lori lililolala uani kwako usiku mmoja bila kusomwa limepita mikononi mwa walinzi, mafundi na majirani, na hapo humwezi dereva kwa haki.

Katikati ya safari huna kisomaji, na kumpa kila dereva kisomaji ni gharama isiyo na maana, maana kimoja huweza kufikia bei ya matairi kadhaa mapya. Mpe kazi ndogo anayoiweza kwa simu yake: kabla ya kuingia foleni ya mpaka, na mara anapotoka, apige picha za chapa za nje, spea zikiwemo, amtumie msimamizi. Spea ndizo huondoka za kwanza na kukumbukwa za mwisho. Picha hizo mbili zinabana wakati wa wizi, na zinaonyesha kama ulitokea kabla ya mpaka au ng'ambo. Kumbuka Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja: picha ya Tunduma ya saa tatu usiku ni saa mbili ya Sakania. Amueni saa moja ya daftari, ya hapa, na kila kitu kigeuzwe kwayo.

Programu ya simu au ya kompyuta lazima ifanye kazi bila intaneti na kutuma data mtandao ukirudi. Umeme wetu unajulikana. Kisomaji kiwe na betri ya akiba, na getini pawe na daftari la karatasi lenye safu zile zile, ili siku mashine ikigoma lori lisitoke bila kusajiliwa.

Kilicho ndani ya namba

Baada ya miezi mitatu ya kusoma kwa nidhamu, wizi utaacha kuwa habari kuu, na hapo ndipo chipu huanza kulipa. Sasa unajua kila tairi limetembea kilomita ngapi na limepoteza milimita ngapi. Tuseme tairi lilianza na kina cha milimita 16, leo lina 10, na limetembea kilomita 48,000. Limekula milimita sita, yaani kilomita 8,000 kwa kila milimita. Ukiamua kuliondoa likifika milimita nne ili mwili wake uwe bado mzima wa kuvalishwa upya, limebakiza milimita sita, kilomita 48,000 nyingine, safari kumi na mbili za kwenda na kurudi zenye kilomita 4,000 kila moja. Hutashtukizwa na tairi kipara katikati ya pori.

Hesabu hiyo hiyo inakufundisha kununua. Tairi la dola 280 likifa kwenye kilomita 70,000 limekula senti 0.4 kwa kilomita. La dola 390 likifika 130,000 limekula senti 0.3, na huenda mwili wake ukakubali kashata mpya. Hizi ni namba za mfano. Zako zitatoka kwenye daftari lako, kwenye barabara zako, na zinaweza kumkanusha mwuzaji au kumthibitisha. Ukiona nafasi moja, tuseme 3LJ, ekseli ya tatu, kulia, nje, inakula matairi haraka kwenye lori moja kila mwaka, usibadilishe chapa ya tairi; kaangalie ekseli kama imepinda au breki inashika.

Upepo bado ni wa mkono wako. Tairi lililopungua asilimia 20 ya upepo wake lihesabiwe kama limetembea bila upepo: litolewe, lifunguliwe, ukuta wake ukaguliwe kwa ndani kabla halijajazwa tena. Chipu itaendelea kuitika kwa utulivu ndani ya tairi linalopikika kwa joto, mpaka lipasuke. Kwa hiyo kipimo cha upepo kiandikwe kwenye mstari ule ule wa namba ya chipu, na programu ikatae kuufunga mstari kama kipimo hakipo.

Anza na lori moja, na uliendeshe hivyo safari mbili kamili kabla ya kuongeza la pili. Dereva wa lori hilo mchague aliye mwaminifu kwa sifa, kisha mwambie wazi kabla hujabandika kiraka cha kwanza kwamba tairi likipotea na karatasi zikionyesha alifuata utaratibu, hatakatwa. Liandike hilo na ulisaini wewe. Asipokuwa na saini yako, atakuwa anasoma chipu kama mtu anayejiwekea kamba shingoni, na chipu zitaanza kuharibika kwa njia usizozielewa.

Bado tairi linalokufa. Likipasuka njiani dereva arudi na kipande cha ukuta chenye chapa na chipu. Kipande hicho kinasomwa, kinapigwa picha, na namba inafungwa kwenye daftari kwa tarehe na sababu. Tairi likiuzwa kwa watengeneza viatu au likitupwa, kata kiraka kwanza na ukiponde kwa nyundo mbele ya mtu wa pili. Kiraka kizima kilichobanduliwa kwenye tairi bovu kinaweza kubandikwa kwenye jingine la hovyo na kuitika getini kwa jina la tairi lako jipya. Ndiyo maana mara moja kwa mwezi unachagua matairi matano bila kumwambia mtu, unasoma chipu, unainama na tochi, na kulinganisha DOT ya ukutani na ile iliyo kwenye daftari.